Mbuzi wa Afisa Tarafa Anaomba Dawa

"Kwa mamlaka aliyopewa na Katiba, na kwa mamlaka mengine aliyojitafutia kwa juhudi zake binafsi, Mheshimiwa Sospeter Kagunze, Waziri wa Mifumo na Shukrani, anawatangazia wananchi wote, wa mjini na wa shamba, wazima na wagonjwa, walio hai na walio kwenye daftari la wapiga kura, kwamba kuanzia leo serikali itawasikiliza."

Ndivyo tangazo lilivyosomwa redioni. Kwa bahati mbaya, upande wetu umeme ulikatika kabla ya neno la mwisho. Sisi tulisikia tu kwamba kuanzia leo serikali ita, basi, kimya. Watu wenye uzoefu na serikali hawakusubiri kitenzi kimalizike. Walifunga maduka, wakaingiza kuku ndani, na wazee wawili wa mtaa wa sokoni wakavuka mpaka. Umeme uliporudi wakarudi nao, wakaambiwa kwamba ni kusikilizwa tu. Mmoja wao alisema kama angejua ni hilo asingerudi.

Mimi ni mwanafunzi wa shule ya bweni. Nimefundishwa kusema kweli, kufua soksi zangu mwenyewe na kutolitaja jina la nchi yangu hovyo. Kwa sasa hata nikitaka siwezi, kwa sababu jina hilo limepelekwa kwenye kamati kwa ajili ya maboresho. Nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa pale nilipoamriwa nisiangalie.

*

Wizara ilikuwa imekwisha kujenga mifumo mingi ya kompyuta, na yote ilikuwa mizuri sana, ila tu hakuna aliyeweza kuitumia. Mfumo wa kuomba maji ulidai namba ya mita kutoka kwa watu walioomba maji kwa sababu hawana mita. Mfumo wa vyeti vya kuzaliwa ulimtaka mtoto mchanga aweke sahihi. Sasa ulikuwa unakuja mkubwa kuliko yote, Mfumo wa Dawa. Katika kila hospitali dirisha la dawa lingezibwa, na mahali pake pangewekwa kioo cha kompyuta. Mwananchi angekigusa, kioo kingefikiri, na droo ingefunguka yenyewe.

Ili safari hii mambo yasiharibike, aliitwa mtaalamu kutoka nje, mwanamke mpole mwenye viatu vya kukanyagia mawe. Alisema maneno machache sana, jambo lililowafanya wakubwa waanze kumshuku.

"Msianze na mashine," aliwaambia. "Anzeni na mtu atakayeitumia. Mwendeeni, mkae naye, mmuulize. Kisha andikeni haja yake kwenye kadi, kwa sentensi moja yenye viungo vitatu: mimi ni nani, nataka nini, ili iweje. Kama hamjui kiungo cha tatu, basi hamjamuuliza."

Akaongeza kwamba kadi hiyo, inayoitwa hadithi ya mtumiaji, si amri bali ni ukumbusho wa mazungumzo. Tena kila hadithi iwe ndogo, na iwe na kipimo cha kujua kama jambo limefanyika kweli.

Wizara ilimpigia makofi, ikampa kinyago, ikamsindikiza uwanja wa ndege, kisha ikarudi ofisini kuyaboresha aliyoyasema.

Kukaa na mtumiaji kulionekana kuwa kugumu, kwa kuwa watumiaji wanaishi mbali na barabara hazipitiki. Iliamuliwa kwamba hadithi zao ziandikwe na watu wanaoishi karibu na lami. Kipimo cha kujua kama jambo limefanyika kikageuzwa kuwa kipimo cha kujua kama limezinduliwa. Mtaalamu alikuwa pia ameshauri wajenzi wa mfumo wakutane kila asubuhi kwa muda mfupi, wote wamesimama, ili mtu asinogewe na kuongea. Wizara iliupenda ushauri huo, ikaanzisha posho ya kusimama. Mara ikagunduliwa kwamba mkurugenzi hawezi kusimama sawasawa na karani, kwa hiyo wakurugenzi wakawa wanawakilishwa na madereva wao, ambao walisimama kwa niaba hadi chakula cha mchana.

Ila kilichowanyima wakubwa raha ni kile kiungo cha tatu. Waraka ulitolewa haraka. Ulisema hivi: "Imebainika kwamba baadhi ya wananchi wanalitumia neno 'ili' kufichua mambo. Kuanzia sasa kila 'ili' iwe na mwisho mwema. Maneno kama nisife, nisilale njaa na nisiibiwe hayaruhusiwi, kwa kuwa yanaashiria kwamba mambo hayo hutokea."

*

Shule yetu ilichaguliwa kuandika hadithi za wilaya nzima kwa sababu tunashinda sana mashindano ya insha. Aliyetuletea heshima hiyo ni Bwana Wenseslaus Mkongwa, Mratibu wa Hadithi wa Wilaya, mtu mnene, mpole, aliyefuta jasho kila alipotaja jina la Waziri. Alitupanga mstari mbele ya bendera.

"Vijana," alisema, "ninyi ni sauti ya wasio na sauti."

"Sauti wanayo," Fidelis alininong'oneza. "Mama yangu akiita, wanaitika ng'ambo ya mto."

Fidelis Machumu ni mwenzangu wa kitanda cha ghorofa. Mimi nalala juu, yeye chini, kwa kuwa ana selimundu na kupanda kunamchosha. Damu yake hujikunja njiani na kuziba, na maumivu yakimshika hata shuka linamuuma. Lakini kuna dawa ambayo akiinywa kila siku anakuwa mtu wa kawaida kabisa, yaani mtu wa kuniibia sukari kwenye tranka na kuniuliza nani ameiba. Dawa hiyo mama yake, Bi Nyamizi, aliifuata kila mwezi katika dirisha la hospitali ya wilaya. Bi Nyamizi ni fundi cherehani. Ndiye anayetushonea suruali zinazopasuka tukiruka ukuta, na hutushonea bila kuuliza ukuta gani.

"Angalizo," Bwana Mkongwa aliendelea. "Hadithi zote zitafungwa pamoja na kupelekwa mji mkuu. Hadithi moja tu yenye 'ili' mbaya itarudisha furushi zima. Kwa hiyo mwogopeni Mungu, na mwogopeni 'ili'."

Mimi niliteuliwa kuwa mkusanyaji wa hadithi. Mkuu wa Shule, Mwalimu Kihongole, alisema ameona bora nipewe kazi ya taifa kuliko kuachwa bila kazi, kwa sababu nilipoachwa bila kazi mara ya mwisho kengele ya shule ilipatikana ndani ya sufuria ya maharage.

Tuliandika kwa bidii. Kuna mwenzetu ambaye hajawahi kushika jembe aliandika hadithi nzuri ya mkulima anayetaka kutazama machweo. Mwingine aliandika kwa niaba ya wajawazito, akawaombea mpira wa miguu. Hakuna aliyetoka nje ya lango kumuuliza mtu, kwa sababu kutoka nje ya lango ni kosa.

Lakini mtu mmoja aliingia. Bi Nyamizi alisikia habari, akaacha cherehani yake, akaja mpaka mezani kwangu na sindano bado imechomekwa begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia unaandika watu wanachotaka."

"Ndiyo mama. Kwa viungo vitatu."

"Haya, andika. Mimi ni mama wa mtoto mgonjwa. Nataka nikienda hospitali dawa yake niipate. Ili asife."

Nilimweleza kwa heshima zote kwamba asife haipiti.

"Kwa nini haipiti?"

"Kuna waraka, mama. Inaonyesha kwamba kuna watu wanakufa."

"Hawafi?"

"Wanatangulia."

Alinitazama kama anavyotazama suruali ambayo haishoneki tena. "Basi andika, ili asitangulie."

"Hiyo ni mbaya zaidi."

"Zabroni," aliniambia, "mimi sijaja kutunga. Nimekuja kusema. Andika nilivyosema." Akasimama pale mpaka nilipoandika, akanifanya nimsomee, kisha akaenda zake.

Baadaye ilionekana kwamba hadithi hiyo haikupita. Ndivyo ilivyo. Serikali ina taratibu zake, na mimi ni mtoto, sizijui.

*

Miongoni mwa hadithi zilizotoka shuleni kwetu palikuwa na moja ambayo mwandishi wake hakujulikana. Bwana Mkongwa aliisoma kwa sauti mbele ya bendera. Ilisema: "Mimi nikiwa mbuzi wa Afisa Tarafa, nataka kupewa dawa yoyote nitakayoitaja, bila foleni wala maswali, ili manyoya yangu yang'ae siku ya ugeni wa kitaifa."

Fidelis aliuma kola ya shati lake. Bwana Mkongwa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hii," alisema polepole, "ina viungo vyote vitatu."

"Ina mbuzi pia," alisema Mwalimu Kihongole.

"Mbuzi wa Afisa Tarafa, Mwalimu. Wewe utaandika sahihi yako kwamba umemkataa mbuzi wa Afisa Tarafa?"

Mwalimu Kihongole alikumbuka kwamba ana watoto wanaosoma. Hadithi ikapita.

Mji mkuu ilipokelewa vizuri kuliko zote. 'Ili' yake haikuwa na kifo, na ilikuwa na ugeni wa kitaifa. Wajenzi wa mfumo walifurahi, kwani ni hadithi pekee iliyoeleza waziwazi nani anataka nini, nao walikuwa wamechoka na machweo. Waziri aliisoma bungeni. Afisa Tarafa wetu, ambaye hakuwa na mbuzi hata wa kusingiziwa, alinunua mmoja haraka ili asije akaonekana anapingana na Bunge.

*

Mfumo ulipozinduliwa tulikuwa likizo fupi. Nilimsindikiza Fidelis na mama yake hospitali. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa tofali, na kioo kiling'aa katikati ya ukuta. Pembeni alisimama Nesi Leokadia, ambaye zamani alitoa dawa na sasa alikuwa anakipangusa kioo.

Kioo kilisema: "Karibu, mtumiaji. Wewe ni nani?" Chini yake palikuwa na vitufe vya kuchagua. Mwekezaji. Mgeni Rasmi. Mtalii Mwenye Malengelenge. Mpiga Picha wa Uzinduzi. Mbuzi wa Afisa Tarafa.

Bi Nyamizi alivisoma kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu.

"Mgonjwa yuko wapi hapa?"

"Hayumo, dada yangu," alisema Nesi Leokadia.

"Hospitali haina mgonjwa?"

"Hospitali imejaa wagonjwa. Kioo ndicho hakina. Wanasema kinamjua yule aliyeandikiwa hadithi tu."

"Na dawa iko wapi?"

"Imo. Droo ya tatu, naiona hapa kwenye ufa. Funguo wamenyang'anya."

Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu na ilikuwa inakohoa. Hapo Fidelis, ambaye alikuwa amenitazama kwa muda na mimi nimetazama dari, alianza kucheka. Alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha mbuzi. Kioo kikamwomba jina, kisha kikasema: "Taja dawa." Akataja. Droo ya tatu ikafunguka.

Bi Nyamizi alichukua chupa, akaisoma, akaitikisa karibu na sikio.

"Nimezaa mtu," alisema. "Nimepewa dawa ya mbuzi."

"Mee, mama," alisema Fidelis.

Mama yake alimpiga kofi la mgongoni, dogo, kisha akacheka naye, akijaribu kuzuia na kushindwa. Nyuma yetu polisi mmoja mstaafu mwenye shinikizo la damu alijikohoza na kusogea mbele.

"Na mimi ni mbuzi," alisema kwa ukakamavu.

"Mbuzi wa nani, mzee?" aliuliza Nesi.

"Wa Afisa Tarafa. Kwani kuna mwingine?"

Siku ile niliona wazee wenye heshima zao, mwalimu wa madrasa, shemasi na bibi harusi mtarajiwa, wote wakijiandikisha kuwa mbuzi mbele ya watu. Hakuna aliyecheka isipokuwa Fidelis. Njia nzima ya kurudi alisema mwandishi wa hadithi ile, yeyote yule, anastahili sanamu. Nami nilikubali kwa unyenyekevu, kama mtu asiyehusika.

*

Habari huenda haraka pale penye droo. Haukupita muda nchi nzima ikawa mbuzi.

Mji mkuu walitazama takwimu zao na kuona maajabu. Kwenye mfumo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja, ilhali mifugo ya Afisa Tarafa imeongezeka kupita kiasi. Mheshimiwa Kagunze alilihutubia taifa.

"Wenzetu wa nchi nyingine," alisema, "wanapambana na magonjwa. Sisi tumeyamaliza. Na katika kuyamaliza tumeinua ufugaji. Wanaobeza waje waone mbuzi wetu. Tena nimeagiza katika sherehe ya kuzaliwa kwa Mfumo, mbuzi hao wa taifa waliwe na wageni wa taifa."

Hapo ndipo lori la Wizara ya Mifugo lilipokuja mpaka lango la shule. Aliteremka bwana mmoja mwenye gwanda, Bwana Ndimbo, akamwamkia Mwalimu Kihongole vizuri sana.

"Tumekuja kuchukua dume mmoja. Fidelis Machumu."

"Huyo ni mwanafunzi wangu," alisema Mwalimu.

"Kwenye mfumo ni dume."

Fidelis aliitwa. Alikuja na kijiko mkononi, kwa kuwa ilikuwa saa ya uji. Bwana Ndimbo alimtazama kwa muda mrefu, akamzunguka mara moja, akashusha pumzi.

"Mimi nina watoto," alisema. "Naona wazi huyu ni mtoto. Ila lori langu likirudi na pungufu, nitakayekwenda jikoni ni mimi. Tufanye hivi." Alitoa simu ya kazi, akabonyeza mara kadhaa, akatabasamu kama mtu aliyeokoa roho. "Tayari. Nimemwandika kwamba ameliwa. Hatasumbuliwa tena."

Mwalimu Kihongole alimshukuru. Fidelis alimshukuru. Hata mimi nilimshukuru. Bwana Ndimbo alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaokoa wananchi kwa namna hiyohiyo, na lori likaondoka tupu. Kwenye sherehe wageni walikula wali mtupu kwa mchuzi wa nyanya. Waziri alisimama na kusifu nyama, ulaini wake na namna isivyoshika kwenye meno.

*

Mwezi ulipoisha Bi Nyamizi alikwenda hospitali na Fidelis. Kioo kiliwaambia: "Mbuzi huyu ameliwa. Asante kwa mchango wako."

Walijaribu Mwekezaji, kioo kikataka mtaji. Walijaribu Mtalii, kikataka pasi ya kusafiria. Polisi mstaafu alijaribu Mgeni Rasmi, kikamwomba asogeze msafara wake karibu na kioo. Dawa ilikuwa bado imo katika droo ya tatu. Nesi Leokadia aliiona kwenye ufa, na alijaribu kuitoa kwa waya mpaka akakata kidole.

Fidelis aliishiwa na dawa. Baada ya siku chache maumivu yalimshika bwenini, asubuhi, akifunga kamba za viatu. Tulimbeba kwa shuka, wanne, na kila hatua alisema tusimkimbize, halafu tusichelewe, halafu akaacha kusema. Kitanda hospitalini alipata, kwa kuwa vitanda havijaingizwa kwenye mfumo. Akapata na vidonge vya kutuliza maumivu kutoka mkoba binafsi wa Nesi Leokadia, ambavyo anavitumia kwa ajili ya jino lake.

Bwana Mkongwa aliulizwa dawa ya jambo hili. Alifuta jasho, akafungua mwongozo. Ulisema hadithi ya mtumiaji haifutwi na yeyote ila mwandishi wake mwenyewe, akijitokeza. Hadithi ya mbuzi ikifutwa, na kuliwa kwake kunafutika.

Basi tulipangwa tena mbele ya bendera.

"Aliyeandika ya mbuzi ajitokeze," alisema Mwalimu Kihongole.

Hakuna aliyejitokeza. Niliwatazama wenzangu mmojammoja kwa masikitiko, nikiwaza ni nani kati yao mwenye moyo mgumu namna ile. Ni lazima nieleze, kwa haki, kwamba adhabu ya kufanyia mzaha mifugo ya taifa ni kufukuzwa shule, na mlezi wako anahojiwa. Mwandishi, yeyote yule, alikuwa na mtihani wa taifa mwaka huu.

Mwalimu alirudia jioni, akarudia kesho yake. Siku ya tatu Bi Nyamizi akaja. Nilikuwa bombani nafua. Safari hii hakuwa na sindano begani.

"Zabroni."

"Shikamoo mama. Fide anaendeleaje?"

"Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Unajua."

"Mama, mimi sijui chochote. Labda amekutajia vibaya, kwa sababu ya homa..."

"Hajanitajia. Nimemuuliza mpaka nimechoka, amekataa, anauma shuka. Lakini shule hii nimeishonea suruali miaka yote. Mjinga wa namna hiyo namjua ni mmoja." Aliichukua nguo niliyokuwa nafua, akaikamua, akaianika. "Vaa viatu, baba."

Nilivaa.

*

Ofisini kwa Bwana Mkongwa nilisema kwamba ni mimi. Yeye hakushangaa. Aliniambia tu kwamba ungamo lazima liwe na viungo vitatu, vinginevyo mfumo hautalipokea. Nikasema: "Mimi nikiwa mwandishi wa uongo, nataka mbuzi afutwe, ili Fidelis apate dawa."

"Hiyo 'ili' ni ya mtu mmoja. Ongeza taifa."

"Mwache," alisema Bi Nyamizi.

Bwana Mkongwa alitazama uso wake, akaacha. Alibonyeza. Mbuzi wote wa nchi, wazima na walioliwa, wakatoweka.

"Sasa mwanangu apewe dawa," alisema Bi Nyamizi.

"Kama nani, mama?"

"Kama mgonjwa."

Bwana Mkongwa aliweka miwani mezani. "Mgonjwa hayumo kwenye mfumo. Mbuzi ndiye alikuwa mlango pekee, na sasa ameondoka. Katika wilaya yote hakuna aliyemwandikia mgonjwa hadithi."

"Mimi niliandikiwa."

"Haikufika."

"Nilisimama mezani mpaka ikaandikwa. Nikasomewa. Nyie mkaikataa, kwa sababu ya ile asife."

"Mama, nakuapia. Mke wangu ana kisukari. Mimi mtumishi siruhusiwi kuandika, lakini furushi lile nililipekua kadi kwa kadi, nikitafuta mtu mmoja, hata mmoja, aliyemtaja mgonjwa. Ningeipata, hiyo asife ningeifuta kwa mkono wangu, nikaweka chochote, nikaipitisha. Haikuwemo."

Bila haraka, wote wawili wakanigeukia.

Wasomaji, nilisema kwamba hadithi ya Bi Nyamizi haikupita. Nilisema hivyo kwa sababu inasikika kama kosa la serikali, na makosa ya serikali ni mengi, moja zaidi halionekani. Ukweli ni kwamba haikupelekwa. Nilifunga furushi mimi. Kadi yake ilikuwa na neno lililokatazwa, na kadi moja mbaya ingelirudisha furushi lote, na ndani ya furushi alikuwemo mbuzi wangu. Nilitaka afike mji mkuu. Nilitaka wacheke. Kwa hiyo niliichomoa kadi ya mama, nikaitia motoni jikoni, chini ya sufuria ya uji.

Niliwaambia hayo pale ofisini, karibu kwa maneno hayahaya, ila bila ufasaha.

Bi Nyamizi hakunipiga. Alivuta kiti mbele ya meza ya Bwana Mkongwa, akaketi. "Andika wewe," alimwambia. "Huyu asiguse."

Bwana Mkongwa, ambaye haruhusiwi, aliandika. Alipofika kwenye 'ili' alimtazama, naye akamwambia neno lake lilelile, na akaliandika hivyohivyo. Kadi imeondoka kwa basi la mji mkuu. Wanasema hadithi mpya zitafikiriwa wakurugenzi watakaporudi kutoka ziara ya kujifunza kusikiliza.

Mimi nimefukuzwa shule, kwa hiyo nina nafasi ya kwenda wodini kila siku. Fidelis amekonda. Jana aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mji mkuu walicheka.

"Hawakucheka, Fide."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Waliijenga."

Alianza kutabasamu. Ndipo nikamwambia na ya kadi ya mama yake, yote, mpaka kwenye sufuria. Siku hizi kugeuka kunamuuma sana, hata akisaidiwa. Aligeuka mwenyewe, akatazama ukuta.